Msemo Uliokwama Mlangoni

Mtaa wa Uhuru, Kariakoo
24 Februari 2025

Mdogo wangu Tejas,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Najua ungeniamkia kama ungekuwa na nafasi, ila nafasi yako yote umeimalizia kutunga sheria za kunitesa mimi.

Yule mgambo wako wa kwenye kompyuta kanirudishia misemo ya khanga tena. Zamani mambo yalikuwa mepesi. Mimi natunga, Mama yako anasoma, tunaandika kwenye ile Rejista yako ya mtandaoni, kiwanda huko kwako India kinachukua humo humo kinachapa, khanga zinapanda meli, zinateremka dukani, watu wanajifunga. Ukibadilisha neno, Rejista inakumbuka nani kabadilisha na lilikuwaje kabla. Hilo sikulipinga, tena nilikusifu mbele ya mama yako. Sasa huu mlango ulioweka, kwamba neno kabla halijaingia lipekuliwe mifukoni kwanza, huu umeutoa wapi?

Sikiliza niliyoyapata leo. Nimepeleka SHOGA WA KALE HUNIJUI LEO. Jibu: "Imekataliwa. Neno lisilofaa: SHOGA." Tejas! Shoga ni mwenzangu niliyesukana naye nywele tangu tuko Lindi. Mama yako ana mashoga mtaa mzima. Najua vijana siku hizi wamelipa neno maana nyingine, lakini wanaonunua khanga ni akina mama, na akina mama wanajua shoga ni nani.

Nikapeleka UKINUNA NUNUA KIOO. Huu ulienda vizuri mpaka pale unapotaka nijaze "Inamlenga nani?" Nikajaza kama mtu yeyote mwenye akili zake: "Mwenyewe anajijua." Jibu: "Imekataliwa. Jina halijatambuliwa." Na chini yake eti nijaze "Maana kamili". Maana kamili ya fumbo! Nikishakuandikia maana kamili, si bora nimfuate mtu mlangoni kwake nimtukane tumalizane?

Kiwanda kinafunga kupokea kazi za Idd Kubwa katikati ya Aprili, umesema mwenyewe. Mwondoe huyo mgambo. Nimechoka mie.

Dada yako,
Anifa


Ahmedabad
26 Februari 2025

Shikamoo Da Anifa,

Usinikasirikie, tafadhali. Umeisahau PENGO? Tulitunga PENDO LA MAMA HALINA MWISHO. Herufi moja ikakosewa wakati wa kuandika, kontena zima likateremka bandarini limechapwa PENGO LA MAMA HALINA MWISHO. Kontena zima la mama asiye na meno! Wewe mwenyewe uliniambia kuna watu pale Feri wanafunikia matenga ya samaki kwa khanga zetu. Mama akimwona mteja anatabasamu tu anakimbilia stoo. Rejista ilikumbuka vizuri sana nani kakosea na siku gani, lakini kukumbuka baada ya kuchapwa kulitusaidia nini? Ndiyo maana nikaweka ukaguzi mlangoni. Kosa likamatwe kabla halijaingia, si likiwa limeshapanda meli.

Kuhusu shoga, nitalitoa kwenye orodha. Samahani. Kuhusu "anajijua", siwezi. Ukaguzi unahitaji jina au kundi la watu, kwa mfano "majirani".

Jambo la pili ni kubwa, nalo nilitaka ulisikie kwangu. Mkataba wa duka unaisha mwisho wa Juni na hatutauendeleza. Mama anahamia kwetu huku. Tangu Baba afariki anakaa peke yake kwenye ile ghorofa ya Kisutu, ngazi nyingi, magoti yanamsumbua, mimi huku silali. Tumepata nyumba yenye lifti, na mke wangu Hinal ameshamwandalia chumba kinachoingia jua la asubuhi. Nimemwuliza Mama kwa simu tena na tena, na kila mara amenijibu, "Haya." Kwa hiyo tumeelewana.

Wewe hutaachwa. Utaendelea kutunga kwa mtandao ukiwa nyumbani kwako Magomeni, na mzigo tutauza kwa jumla bila duka. Sasa unaona kwa nini nataka mlango uwe imara? Mama hatakuwepo tena kusoma kabla ya kuchapwa.

Mdogo wako,
Tejas


Kariakoo
3 Machi 2025

Tejas,

Leo sina "mdogo wangu". Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, imebaki ile ile. Yaani duka linafungwa, na mimi nakuja kulisikia kutoka Ahmedabad! Mtu ninayefungua naye makufuli kila asubuhi hakunidokeza hata kwa kikohozi.

Nikamwendea pale pale. Alikuwa anakata khanga kwenye jora. Nikamwuliza, Mama, kweli unahama? Hakuinua macho. Akasema, "Haya, si watoto wameshapanga." Akaendelea na mkasi wake. Basi na mimi nikanuna. Hata chai yake ya tangawizi sikuinywa siku ile, na anayeijua chai ile ataelewa niliumia kiasi gani. Nikasema moyoni, kumbe mwenzangu kakubali kwa raha zake, anakwenda kupanda lifti, sisi wengine tutajijua.

Unasema nitungie nyumbani. Mtoto wewe, misemo haitungwi chumbani! Natunga kwa kuwasikiliza wateja wanavyosemana: huyu kamchoka wifi, yule kapewa talaka kwa simu, yule kaolewa na aliyemkataa shuleni. Magomeni kwangu nitamsikiliza nani, feni?

Na hilo PENGO lako unalonitishia kila siku. Pengo ni neno halali, liko kwenye kamusi. Mgambo wako angelipigia saluti likapita. Hilo umelifikiria?

Lakini haki ya mtu mpe. Jana kanikamata kweli. Nilipeleka JICHO LAKO HALINIZEESHI nikijua ni mpya wa moto, akaniambia tulishauchapa zamani. Nikatazama, kweli, na aliyeutunga ni mimi mwenyewe. Nikacheka peke yangu hadi wateja wakaniogopa. Haya, kafanya kazi. Ila kumkamata mwizi mmoja si ruhusa ya kumpiga virungu kila anayepita.

Sasa jambo la ajabu. Mama katoa msemo. Mama yako, ambaye tangu nimfahamu kazi yake ni kusoma ya wenzake na kusema "hili neno refu, punguza", leo kaweka mkasi chini akaniambia, "Anifa, andika." Nikaandika:

NIKISEMA HAYA SIJASEMA NDIYO

Nilipiga makofi. Nikamwambia Mama, huu utauzika mpaka Mtwara, unamlenga nani? Akanitazama kidogo, akasema, "Andika: wanaopunguza bei." Na kweli! Si unamjua akibanwa na mpunguza bei, anasema haaaya, halafu anaikunja khanga anairudisha rafuni. Nikajaza kila kitu kama unavyotaka, mlengwa, maana kamili, mpaka rangi ya pindo. Nikabonyeza.

Mgambo kaukataa. "Neno limerudiwa: HAYA ni NDIYO." Kalitoa wapi hilo?

Anifa


Ahmedabad
6 Machi 2025

Shikamoo Da Anifa,

Najua umekasirika na una haki. Nilipaswa kukupigia simu. Kuhusu PENGO pia una haki, ndiyo maana niliongeza "Maana kamili", ili nilinganishe kwa macho yangu.

Nikueleze kuhusu msemo wa Mama. Ukaguzi una orodha ya maneno yenye maana moja. Pendo na mapenzi, mume na bwana, haya na ndiyo. Niliiweka kwa sababu tumewahi kuchapa MUNGU RABI MUNGU NIBARIKI, unakumbuka, mtu aliandika huku amesinzia. Kwa hiyo mlango hauruhusu neno moja, au maneno mawili yenye maana moja, kukaa mara mbili kwenye msemo mmoja. Kwa macho yake Mama ameandika "Nikisema ndiyo sijasema ndiyo". Unajipinga. Si kosa la mlango, ni msemo wenyewe.

Ushauri wangu: kama ujumbe ni kwa wanaopunguza bei, kwa nini usisemwe moja kwa moja? Nimejaribu BEI YETU HAIPUNGUI. Umepita mara ya kwanza.

Mdogo wako,
Tejas


Kariakoo
21 Machi 2025

Tejas,

BEI YETU HAIPUNGUI.

Nimemsomea Mama. Nimewasomea wateja. Kuna mama mmoja wa Msimbazi kacheka mpaka kaomba kiti. Nani atajifunga hiyo kiunoni aende nayo kwenye shughuli? Ataenda kumwambia mke mwenzie bei haipungui? Khanga si kibao cha dukani, bwana!

Halafu nani kakudanganya kwamba haya ni ndiyo? Umezaliwa Dar, umekula mihogo ya Kariakoo, leo umekaa huko miaka michache masikio yamekauka? Mtu akikuzidi maneno unamwambia haya. Ukimfukuza mtu, haya. Ukimkaribisha, haya. Mume akimwambia mkewe anaongeza wa pili, mwanamke anajibu haya, na jioni hiyo masufuria yanalia jikoni mpaka jirani anauliza kulikoni. Haya inasikilizwa, haisomwi. Wewe umeichukua umeibandika kwenye orodha kama bei ya sukari.

Leo mvua imetuadhibu. Jangwani maji yamejaa barabarani, nimezunguka weee, nimefika dukani viatu mkononi. Nikajua nitakuta pamefungwa. Namkuta Mama keshateremka ngazi zake zote za Kisutu, keshafungua peke yake, amekaa mezani na sari imelowa hadi magotini. Hakuniuliza nimepitaje majini. Swali la kwanza: "Umepita?" Nikadhani ananiuliza mimi. Kumbe anauliza msemo.

Na ndivyo anavyoniuliza kila siku. Sijawahi kumwona hivi kwa ajili ya khanga yoyote. Jana kasema kama huo haupiti, basi msimu huu duka lisichape kitu. Nikamwambia Mama, kwa ajili ya wapunguza bei tu? Akasema, "Haya, Anifa." Akaenda stoo.

Naomba kwa mara ya mwisho kwa upole, na upole wangu unaujua ulipoishia. Pitisha huo msemo.

Anifa


Ahmedabad
7 Aprili 2025

Da Anifa,

Shikamoo. Nimefungua Rejista asubuhi nikakuta umejaribu kuuingiza kwa ujanja: NIKISEMA HAYA SIJASEMA NDYO. NDYO, dada! Ili mlango usiitambue ndiyo! Bahati nzuri ukaguzi wa kamusi umeukamata. Fikiria kama ungepita, kontena zima la NDYO. Tungehama mji. Mimi nakuheshimu kuliko watunzi wote, lakini hili limenichosha kabisa. Kila nikiziba tundu la panya, mwenye nyumba mwenyewe analifungua.

Kiwanda kinafunga tarehe kumi na mbili. Misemo yenu mingine imeshapita na inatosha. Naomba tuachane na huo mmoja.

Mengine ni mazuri. Nimeshampa mwenye jengo, Mzee Bakili, taarifa kwamba tunaondoka, amekubali. Tiketi ya Mama nimekata, ya mwishoni mwa Juni. Hinal amenunua kitanda kifupi, kisicho juu, kwa ajili ya magoti. Jumapili nilimwambia Mama kwa simu, "Mama, nimekukatia tiketi, sawa?" Akasema, "Haya, mwanangu." Kisha akaniuliza kama ule msemo umepita. Nikamweleza taratibu kwamba hauwezi kupita, kwa sababu haya na ndiyo ni kitu kimoja.

Akakata simu. Nadhani mtandao ulikuwa mbaya.

Tejas


Kisutu, Dar es Salaam
9 Aprili 2025

Tejas mwanangu,

Nimeandika kwa mkono. Anifa hajui. Selina wa duka la vitabu chini ya ghorofa ndiye aliyeipiga picha barua hii na kukutumia.

Nakuandikia Kiswahili makusudi. Kigujarati ni cha kukubembeleza. Nikikianza nitalia, utanituliza, mambo yatabaki yalivyo. Kiswahili ndicho nilichogombea nacho maisha yangu yote, na wapagazi, na mawakala wa bandarini, na baba yako Praful alipostahili.

Mtandao haukuwa mbaya. Nilikata mimi.

Ule msemo si wa wapunguza bei. Ni wako. Nilimdanganya Anifa kwa sababu angekuambia siku hiyo hiyo, hana kifua yule. Nilitaka uukute mwenyewe kwenye Rejista yako, usome mama yako kasema nini, ushtuke. Wanawake wa hapa ndivyo wanavyofanya. Mtu ana neno na mkwewe, hawezi kulitamka, anajifunga khanga anapita mbele yake, neno limefika na heshima imebaki. Nimewauzia njia hiyo tangu wewe hujazaliwa, sijaitumia hata siku moja. Nikasema mara hii na mimi nitumie bidhaa yangu. Kumbe mwanangu kaweka mlango, na mlangoni kaandika kwamba haya ya mama yake ni ndiyo!

Nani alikwambia? Mimi nilikwambia lini?

Wewe huulizi, Tejas. Unasema, "Mama, nimeshapanga, sawa?" "Mama, nimeshakata, sawa?" Ulitaka nijibu nini hapo? Ukiuliza kweli, unanyamaza unangoja. Wewe ukishasema sawa unaanza kunieleza rangi ya mapazia. Sikutaka kugombana na mwanangu wa pekee kwa simu, Hinal anasikia upande wa pili. Nikasema haya. Muuza mboga wa hapa chini angeisikia haya ile angejua nimekataa. Mwanangu niliyemfundisha kusema hakuijua.

Na Anifa naye kaninunia! Meza moja tunakaa, kikombe kimoja tunakunywa, naye kasikia kama ulivyosikia wewe. Nimekuwa nikizungumza na viziwi wawili, mmoja karibu, mmoja mbali.

Basi chukua neno ambalo halina mwenzake kwenye orodha yako. Hapana. Siji kuhamia huko.

Magoti yanauma, kweli. Yataniuma kwenye lifti pia. Hapa nikitoka asubuhi kwenda hekaluni, mpaka nifike nimeamkiwa na watu wasiopungua mtaa mzima, na wengine nawagombeza kwa majina. Huko nitamgombeza nani? Baba yako majivu yake tumeyamwaga kwenye bahari ya hapa. Duka si mzigo wangu, ndipo ninapojulikana mimi ni nani. Ukinitoa hapa unampeleka Ahmedabad mama mzee mwenye kitanda kifupi, ambaye kila mtu atamwambia pumzika, pumzika, mpaka apumzike moja kwa moja.

Nakupenda. Hinal nampenda. Kitanda kizuri, mwambie asante. Lakini hapana.

Mama yako,
Champaben


Ahmedabad
10 Aprili 2025

Mama,

Nimeisoma barua yako ofisini, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Watu wakaniuliza kama kuna msiba.

Nimelitoa. Haya na ndiyo hayapo tena pamoja kwenye orodha. Mtu akibadilisha sheria za mlango lazima aandike sababu, ndivyo nilivyoweka mwenyewe, na sababu inabaki humo daima, kila anayefanya kazi nasi ataisoma. Nimeandika: "Nilikosea. Sikumsikiliza Mama." Kisha nikaupeleka msemo wako. Umepita. Kiwanda kimeshauchukua.

Sasa neno gumu, Mama, na sijui niliseme vipi. Jana niliposoma barua yako nilimpigia Mzee Bakili hapo hapo kumwambia tunabaki. Akaniambia nimechelewa. Duka ameshampa mtu wa vifaa vya simu, wameshaandikishana. Nilimsihi. Akasema, "Kijana, wewe ndiye uliyenipa taarifa kwamba bibi amekubali." Nimekupotezea duka, Mama. Nilidhani ninakutunza. Kumbe nilikuwa najituliza mimi, ili nilale usiku, nikakuambia wewe ndiye unayehitaji kupumzika.

Tiketi nimeirudisha. Sitakuambia nimepanga nini, kwa kuwa sijapanga kitu. Nakuuliza, na sasa nimenyamaza nasubiri: unataka tufanyeje?

Mwanao,
Tejas


Kariakoo
2 Juni 2025

Mdogo wangu Tejas,

Marahaba. Umerudi kuwa mdogo wangu, lakini kwa muda wa majaribio.

Mzigo umefika. Herufi zote zimekaa mahali pake, hongera kwa mgambo wako. Na nikwambie, tangu nianze kazi hii sijaona khanga inayotoka namna hii. Nilidhani itanunuliwa na wake za watu, kama kawaida. Wamenunua, ndiyo, mmoja kamfunikia mumewe meza ya chakula. Lakini kaja bibi wa Ilala, mwanawe anataka auze nyumba ya urithi. Kachukua doti mbili. Kaja binti wa Kigogo, wazazi wamepokea posa bila kumwuliza, kanunua akajifunga hapo hapo dukani, akatoka nayo kwenda nyumbani. Nimemwombea. Kaja hata mama mmoja wa Kihindi kutoka Upanga, kafunga kwenye karatasi, kasema anaipeleka Leicester, Uingereza, kwa mkwewe. Mama anamkatia kila mmoja mwenyewe, hataki nishike mkasi.

Kwangu ilikuwa ngumu, sikufichi. Mama aliponionyesha ile barua aliyokuandikia niliona aibu mpaka nikashindwa kunywa chai. Mimi ndiye ninayejidai kusikiliza watu wanavyosemana! Nikamwambia, Mama, niliamini umekubali kwa sababu nilikasirika, na mwenye hasira hasikii. Akanimiminia kikombe, akasema ninywe kabla haijapoa, tuna kazi.

Duka bado linatuuma wote wawili. Kila nikifungua kufuli nahesabu siku, halafu najikataza. Wewe usijipige sana, lakini jipige kidogo.

Dada yako,
Anifa


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
30 Juni 2025

Tejas mwanangu,

Uliniuliza ninataka tufanyeje, ukanyamaza. Nami nikakuacha unyamaze mpaka leo, ujue inavyokuwa.

Tumehama juzi. Sadalla muuza nyuzi kanigawia nusu ya mbele ya duka lake hapa Msimbazi. Hakuna stoo, hakuna rafu za baba yako, hazikuingia. Nililia kidogo wakati wanazitoa, kisha nikawagombeza wapagazi kwa kuzikwaruza, nikajisikia vizuri. Anifa kakaa upande wa barabara, anasikia maneno mengi kuliko zamani, jana katunga misemo mpaka kaishiwa karatasi. Sadalla anapanga nyuzi zake ovyo. Nimeshamwambia. Kesho nitamwambia tena.

Mlango wako uache ulivyo, unafaa. Lakini kila msemo kabla haujaingia, niusome mimi kwanza. Hilo nalo liandike liwe sheria, na sababu yake uandike vizuri.

Sasa hicho chumba chenye jua na kitanda kifupi msikiache kikae bure. Mama yake Hinal tunaongea simu kila Jumapili, hamjui. Yuko Rajkot peke yake, anatamani kuja kwenu tangu mwaka juzi, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza, kwa sababu kila mkipiga simu anawaambia yuko sawa. Mwulizeni. Kisha mnyamaze.

Mimi nitakuja kuwatembelea wakati wa Diwali. Nikatie tiketi ya kwenda na kurudi.

Ya kurudi inunue kwanza.

Mama yako,
Champaben